Tathmini ya injini ya Toyota 5L katika Hiace za zamani: uimara wake na mambo yanayoiua

Katika soko la Hiace zilizotumika hakuna sifa inayotajwa mara nyingi kama ile ya kwamba injini ya dizeli ya 5L haifi. Madalali huitanguliza kabla ya bei, madereva wa zamani huiapia, na wanunuzi wengi huikubali bila kuuliza injini yenyewe imetunzwaje. Nimeitumia kwa miaka mingi ndani ya Hiace ya umbo la H100, nikibeba abiria na vifurushi kati ya Tanga, Korogwe na Lushoto, njia inayoanza na joto la pwani na kuishia kwenye kona na mwinuko wa barabara ya kutoka Mombo. Maoni yangu ni kwamba sifa hiyo ni ya kweli, lakini ina masharti ambayo muuzaji huwa hayasemi. 5L hufa kama injini nyingine yoyote. Tofauti yake ni kwamba mambo yanayoiua ni machache, ni yale yale karibu kwa kila gari, na mengi yake hujionyesha mapema kwa mwenye gari aliye na mazoea ya kufunua kiti cha mbele kilicho juu ya injini na kuangalia.

Mnunuzi aanze kwa kuhakikisha kwamba injini anayosifiwa ndiyo iliyomo. Kibati cha utambulisho cha gari huonyesha namba ya modeli, na herufi zake za mwanzo hueleza familia ya injini ambayo gari lilitoka nayo kiwandani: LH ni familia ya L, yaani 2L, 3L au 5L, KZH ni 1KZ yenye turbo, KDH ni familia ya KD iliyokuja baadaye, RZH na TRH ni za petroli. Kibati kikisoma KZH na chini ya kiti mkawa na 5L, basi injini imebadilishwa. Jambo hilo si baya lenyewe, ila namba ya injini iliyoandikwa kwenye kadi ya gari inapaswa kulingana na ile iliyopigwa kwenye bloku, yaani mwili wa injini, na asiyelikagua hilo siku ya kununua hurithi usumbufu wa mtu mwingine.

5L ina silinda 4 na ujazo wa sentimita za ujazo 2,986. Ndugu zake waliotangulia ni 2L yenye 2,446 na 3L yenye 2,779. Haina turbo. Bloku na hedi inayoifunika kwa juu vyote ni vya chuma, kamshafti, yaani shafti inayofungua vali, ni moja, vali ni 8, na mgandamizo wake ni 22.2 kwa 1. Dizeli hunyunyiziwa kwanza ndani ya chumba kidogo kilichomo kwenye hedi, moto ukaanzia humo ndipo ukamiminikia juu ya pistoni. Katika toleo la kawaida pampu ya dizeli hufanya kazi kwa makanika tupu. Toleo la 5L-E ndilo lenye pampu inayoongozwa na kompyuta, na hutambulikana kwa wingi wa nyaya zinazoingia kwenye pampu. Toleo ninalolisifia hapa ni lile la makanika, kwa sababu fundi wa Korogwe mwenye spana zake, kipimo cha vali na uzoefu anaweza kulifungua na kulifunga bila kuagiza mashine ya kusomea kompyuta. Nguvu zake zinafika takriban farasi 90 hadi 100, kiasi ambacho, kwa gari lililojaa abiria na mizigo yao, maana yake ni kupanda Lushoto kwa gia ya pili na kuwaachia wenzako barabara. Anayetaka mwendo asiinunue, na aliyeinunua asijaribu kuilazimisha iwe na mwendo, kwa sababu nitakazozieleza nikifika kwenye pampu.

Kinachoua 5L nyingi kuliko kitu kingine chochote ni kuchemsha. Injini imekaa chini ya viti vya mbele, katika nafasi finyu ambayo upepo wa barabarani hauifikii vizuri, na rejeta imekaa chini mbele, mahali inapopokea vumbi, tope, wadudu na majani makavu ya barabara za vijijini. Uchafu huo hujibana katikati ya mapezi ya rejeta, na kwa mtu anayetazama kwa mbele rejeta huonekana safi. Njia ya kuisafisha ni kupitisha maji yasiyo na nguvu nyingi kutoka upande wa feni kwenda mbele, ili uchafu utoke kulekule ulikoingilia. Mashine ya kuoshea magari, ikisogezwa karibu, hulaza mapezi na kuiharibu rejeta kabisa.

Kuna sehemu moja ya mfumo wa maji ambayo sijawahi kuona fundi akiikagua bila kuombwa, nayo ni mabomba ya hita ya nyuma. Hiace nyingi zilizotoka Japani zina hita ya abiria wa nyuma, na maji ya moto huifikia kwa mabomba ya chuma yanayopita chini ya sakafu ya gari. Pwani hakuna anayewasha hita, kwa hiyo hakuna anayeyakumbuka, ilhali maji ya injini yanaweza kuwa yamo ndani yake muda wote. Tope na chumvi huyala kwa nje. Nililala chini ya gari langu siku moja kutafuta maji yaliyokuwa yakipungua kidogo kidogo bila kudondoka mahali popote gari likiwa limesimama, nikapitisha kidole juu ya bomba, na ganda la kutu likabanduka pamoja na rangi, likaacha tundu la ukubwa wa kichwa cha kiberiti. Tundu hilo lilikuwa likitoa maji pale tu presha ilipopanda mlimani, na upepo uliyakausha kabla gari halijasimama. Dawa yake ni rahisi: mabomba hukatwa kwenye mfumo upande wa injini, na njia mbili za maji huunganishwa kwa mpira mmoja wa ubora unaostahimili joto, ukabanwa kwa klipu za skrubu. Ningemshauri kila mwenye Hiace ya pwani aifanye kazi hiyo kabla ya kutu kumwamulia.

Maji yenyewe pia yana maneno yake. Maji ya visima vya pwani yana chumvi, na maji matupu, hata yawe ya bomba, hujenga kutu ndani ya bloku ya chuma na kuziba vijia vya rejeta. Kilichothibitika kufaa ni mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa kulenti, yaani dawa ya kupoza injini na kuzuia kutu, na maji yaliyosafishwa, unaobadilishwa kila baada ya miaka 2 au kilomita 40,000, lolote litakalotangulia. Mfuniko wa rejeta hudharauliwa kwa sababu ni kitu kidogo, ilhali ndio unaoshikilia presha: wenye alama ya 0.9, unaotumika kwenye Toyota nyingi, huyafanya maji yasichemke mpaka yakaribie nyuzi 118 za Selsiasi badala ya 100. Mpira wake ukichoka, maji hupoteza nafasi hiyo yote, tena huweza kusukumwa kwenda kwenye chupa ya akiba yasirudi. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba asubuhi, injini ikiwa baridi, ukaguliwe mfuniko wa rejeta wenyewe na maji yaliyo chini yake. Chupa inaweza kujaa wakati rejeta ina upungufu.

Thamostati, ile vali inayozuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, haipaswi kutolewa. Desturi ya kuitoa imeenea sana katika gereji zetu, na hoja yake, kwamba maji yatapita kwa wingi zaidi, inasikika kama ya maana mpaka ufikirie kwamba injini ya dizeli inayofanya kazi ikiwa baridi huunguza mafuta vibaya, huchafua oili kwa masizi na kuzila silinda zake. Zaidi ya hapo, kwenye injini ambazo thamostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji, kuitoa huruhusu sehemu ya maji kuzunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari likachemsha kwa dawa ile ile iliyokusudiwa kulizuia. Feni nayo ina klachi yenye mafuta mazito ya silikoni. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, feni inayozunguka kwa urahisi mizunguko kadhaa kwa msukumo mmoja wa mkono imekwisha. Wapo wanaoifunga kwa bolti ili izunguke moja kwa moja na puli. Inapoza, ndiyo, ila inakula nguvu kidogo iliyopo na kuichosha beringi ya pampu ya maji.

Geji ya joto isiaminiwe peke yake. Katika gari hizi mshale hukaa katikati kwa kiwango kipana cha joto na hupanda wakati hali imekwisha kuwa mbaya. Maji yakiwa yametoka yote, kihisi hubaki kwenye hewa na mshale unaweza hata kushuka. Gari likichemsha kweli, dereva asimame, asifungue mfuniko, na asimwage maji ya baridi kwenye injini ya moto. Hedi ya chuma ya 5L husamehe makosa kuliko hedi ya alumini, lakini haisamehi hilo: hupasuka katikati ya vali ya kuingiza na ya kutoa, ufa mwembamba ambao jicho haliuoni na unaohitaji kupimwa kwa presha ya maji.

Jambo linalonisikitisha katika gereji nyingi ni kazi ya gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, inayofanywa nusu. Fundi hutoa hedi, hukwangua uso wake, huweka gasketi mpya na kufunga, na baada ya muda mfupi gari hurudi na ugonjwa ule ule. Hedi iliyochemshwa ipimwe unyoofu kwa rula ya chuma na vipimo vyembamba. Ikionekana imepinda, ichongwe na karakana yenye mashine, na baada ya kuchongwa vali zipimwe kina chake, kwa kuwa uso wa hedi unapopungua vali husogea karibu na pistoni. Gasketi zenyewe huuzwa kwa zaidi ya unene mmoja, na unaofaa hujulikana kwa kupima pistoni zinavyochomoza juu ya bloku. Fundi anayenunua gasketi kwa jina la injini peke yake anabahatisha kwa pesa ya mteja.

Sasa dizeli. Pampu ya 5L ni ya mzunguko, na haina oili yake: viungo vyake vyote vya ndani hulainishwa na dizeli inayopita humo. Hapo ndipo uchakachuaji ulipowaumiza wenye magari haya kuliko watu wengine. Mafuta ya taa yalipokuwa na kodi ndogo kuliko dizeli, yalichanganywa kwenye dizeli kwa faida ya haraka, na kwa kuwa ni mepesi na hayalainishi vya kutosha, pampu zilisagika kwa ndani. Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani kemikali ya kutambulisha mafuta halali, kwenye mafuta mwaka 2010 chini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na kupandisha kodi ya mafuta ya taa katika bajeti ya mwaka 2011; Kenya ilifuata mkondo huo Septemba 2018 kwa tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Hatua hizo zilipunguza faida ya mchezo wenyewe, lakini pampu zilizoumizwa bado ziko barabarani. Dalili yake ni injini inayowaka vizuri asubuhi na kukataa kuwaka ikiwa ya moto, kwa kuwa pampu iliyolika hushindwa kujenga presha dizeli inapokuwa nyepesi kwa joto. Hakuna dawa ya kumimina kwenye tangi itakayoponya hilo. Pampu hupelekwa kwa fundi wa pampu mwenye meza ya kupimia, na gharama yake ni kubwa, kwa hiyo mnunuzi aliwashe gari mara mbili: likiwa baridi, na tena baada ya kuzungushwa mpaka lipate moto kamili.

Adui wa pili wa pampu ni maji. Chini ya chujio la dizeli kuna kikoki cha kutolea maji, na juu yake kuna kitufe cha pampu ya mkono. Unaweka chombo chini, unalegeza kikoki mzunguko mmoja au miwili, unabonyeza pampu ya mkono mpaka itoke dizeli safi, kisha unakaza kwa vidole bila koleo. Ni kazi fupi. Kinachotoka mwanzoni, ukikitazama kwenye chupa ya kioo, hukaa tabaka mbili, maji chini na dizeli juu, na baada ya msimu wa masika tabaka la chini huwa nene kuliko mtu anavyotegemea. Taa ya onyo ya chujio ipo kwenye dashibodi, ila katika magari mengi ya umri huu waya wake umekatwa zamani. Chujio lenyewe mimi hulibadilisha kila kilomita 10,000, mara mbili zaidi ya wengi wanavyofanya, na sijutii gharama hiyo.

Nozeli za 5L, yaani vinyunyizio vya dizeli, hufunguka kwa presha ya takriban bar 150, kiwango cha chini ukikilinganisha na injini za kisasa, na ndiyo sababu hutengenezeka kwa urahisi. Nozeli iliyochoka hudondosha dizeli badala ya kuinyunyiza, na moto wa tone hilo huchoma pistoni mahali pamoja. Mlio mkavu wa kugonga unaotoka silinda moja na kupotea ukilegeza bomba la nozeli yake ni ishara ya kutosha. Zitolewe zote nne na kupimwa.

Hapa ndipo penye lile la kulazimisha mwendo. Kwenye pampu kuna skrubu ya kiwango cha dizeli, na kuna mafundi wanaoizungusha ili gari lipate nguvu, wengine bila hata kumuuliza mwenye gari. Niliwahi kurudishiwa gari kutoka kwenye gereji moja likiwa na nguvu mpya na moshi mweusi mlimani, na abiria wakanisifu. Injini isiyo na turbo haina hewa ya ziada ya kuunguza dizeli hiyo. Kinachoongezeka baada ya hapo ni masizi na joto la moshi, na joto hilo hupita kwenye vali za kutoa na juu ya pistoni kwa muda wote wa kupanda. Niliirudisha skrubu kwa kipimo cha meza ya pampu wiki ile ile. Moshi mweusi unaoendelea ukiwa kwenye mzigo, wakati chujio la hewa ni safi, usichukuliwe kuwa alama ya uhai wa injini.

Taimingi belti ndiyo sehemu ambayo haitoi taarifa, na kwa hiyo ndiyo yenye adhabu kali zaidi. Inazungusha kamshafti na pampu ya dizeli kwa pamoja. Ikikatika, vali hukutana na pistoni, na mara nyingi kamshafti nayo huvunjika. Magari yaliyotoka Japani yana taa ya T-BELT inayowaka odometa ikifika kilomita 100,000. Wapo wanaoizima tu kwa kubadilisha kiunganishi nyuma ya dashibodi bila kugusa belti, na odometa zenyewe zimekwisha kurudishwa nyuma katika magari mengi, kwa hiyo taa isiyowaka haithibitishi lolote. Msimamo wangu ni kwamba Hiace iliyonunuliwa leo hubadilishwa belti wiki hiyo hiyo, bila kujali maneno ya muuzaji. Kazi hiyo ifanywe pamoja na beringi ya tenshena inayokaza belti, sili ya kamshafti, sili ya mbele ya kranki (shafti kuu ya injini) na ukaguzi wa shafti ya pampu, kwa sababu oili au dizeli inayovujia kwenye belti mpya huilainisha na kuiua mapema kuliko ile iliyotolewa. Baada ya kufunga, kranki izungushwe kwa spana mizunguko miwili kamili na alama zote ziangaliwe tena kabla ya kuiwasha.

Jambo jingine lisilojulikana vya kutosha liko nyuma ya altaneta. Katika injini hizi pampu ya vakyumu inayosaidia breki imefungwa kwenye mgongo wa altaneta, na hulainishwa kwa oili ya injini inayoletwa na mpira mwembamba na kurudi kwa mwingine. Mpira huo hukaukia kwenye joto la chini ya kiti. Ukipasuka, oili ya injini humwagwa nje kwa presha huku gari likitembea, na dereva anayetegemea taa ya oili huiona ikiwaka wakati beringi za kranki zimekwisha kuumia. Injini nyingi zilizonoki bila maelezo zilianzia hapo. Mafundi umeme nao, wakibadilisha altaneta, huweka isiyo na pampu au huacha mpira mmoja ukiwa umekunjika, na breki zikawa ngumu kama jiwe kwenye mteremko. Kwenye barabara kama ya Lushoto au Kitonga hilo si suala la starehe. Mipira hiyo miwili ni ya bei ndogo. Ibadilishwe yote, na klipu zake ziwe mpya.

Kuhusu oili sina mengi, kwa sababu kanuni ni fupi: 15W-40 ya dizeli ya daraja la CF-4 au la juu yake, kila kilomita 5,000, pamoja na chujio. Oili ya 5L huwa nyeusi muda mfupi baada ya kubadilishwa, kwa hiyo rangi isitumike kuamua umri wake. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na wapo wanaodai kwamba kwa hiyo oili inaweza kukaa maradufu. Asidi imepungua, ni kweli. Masizi ya injini ya aina hii hayakupungua. Vali zipimwe kila kilomita 40,000 injini ikiwa baridi, za kuingiza zikiwa kati ya milimita 0.20 na 0.30 na za kutoa kati ya 0.40 na 0.50, kwani za kutoa hubana kimya kimya na kuungua. Plagi za joto, zinazopasha injini moto wakati wa kuwasha, ziangaliwe volti zake kabla ya kununua, kwa maana zipo za volti tofauti na zisizolingana huungua siku ya kwanza.

Nikiilinganisha na wenzake, 1KZ-TE ni injini ya kupendeza zaidi kuendesha. Ina ujazo wa 2,982, turbo, na nguvu za farasi 130 au zaidi. Mlima ambao 5L huupanda kwa gia ya pili, yenyewe huupanda kwa ya tatu huku ikipumua. Hedi yake, hata hivyo, ni ya alumini, na kuchemsha kunakokaribia kusamehewa na 5L huipasua 1KZ. Mwenye 1KZ asiyefuatilia maji kila asubuhi ajiandae kununua hedi. Turbo yake pia inataka injini iachwe ikiunguruma taratibu dakika chache baada ya mlima kabla ya kuzimwa. 1KD-FTV, yenye nozeli za presha inayozidi bar 1,000, ni tulivu na haili dizeli nyingi, lakini inadai dizeli safi kuliko tunayoweza kuihakikisha nje ya miji mikubwa. Matoleo yake ya mwanzo yalijulikana kwa sili za nozeli zinazovuja, masizi yakaingia kwenye oili na kuziba chujio la ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na pistoni zilizopasuka ni malalamiko yanayosikika katika nchi nyingi zilizoitumia. Kwa mtu aliye Dar es Salaam au Nairobi, mwenye fundi wa kompyuta karibu na anayepakia abiria wengi kwenye lami, ningemshauri achukue KD yenye kumbukumbu za huduma. Kwa aliye Handeni, Kilindi au Lushoto, 5L bado haina mpinzani.

Upatikanaji wa spea unaipa 5L alama kubwa. Kariakoo ya Dar es Salaam mpaka Kirinyaga Road ya Nairobi, spea zake zipo kila duka, na shida ni ubora tu. Chujio la oili la bei ya kati ninalikubali likiwa la kampuni inayojulikana, na mipira ya rejeta ya kuiga ninaivumilia. Thamostati, taimingi belti, beringi ya tenshena na gasketi ya hedi ninanunua halisi au siifungui injini, kwa sababu hizo nne zikifeli gharama yake si ya spea iliyofeli bali ya injini nzima. Thamostati ijaribiwe kwenye sufuria ya maji ya moto kabla ya kufungwa. Ya kuiga mara nyingi hufunguka nusu.

Anayekwenda kununua aombe gari lisiwashwe kabla hajafika. Aguse injini ahakikishe ni baridi, afungue rejeta atazame rangi ya maji na utando wa mafuta, kisha aliwashe mwenyewe. Moshi mweupe kidogo unaokwisha mara moja si neno. Wa buluu unaoendelea ni ringi au vali. Injini ikizunguka, afungue mfuniko wa kumiminia oili: mvuke mwepesi ni wa kawaida kwa umri huu, ila upepo unaourusha mfuniko ni wa silinda zilizolika. Baada ya hapo alipeleke mlimani likiwa na mzigo, si kwenye barabara tambarare ya kandokando ya yadi, na akirudi aliache lipoe mpaka baridi ndipo akamate mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa bado mgumu kwa presha wakati injini imepoa kabisa, gesi za silinda zinaingia kwenye maji, na hapo mimi hupunguza kwenye bei gharama yote ya hedi, gasketi na kazi ya karakana, au ninamwachia muuzaji gari lake.